Kufuli Langu Kule Idodi

Watu wakisikia nasoma shahada huku nalipwa mshahara, wananiangalia kama nimeokota kitu barabarani. Jirani yetu wa Uyole aliwahi kumwambia mama yangu kwamba nina bahati ya ajabu, watoto wa wenzake wanahangaika na mikopo ya chuo, mimi kampuni inanilipia ada na juu yake inanipa hela ya kula. Mama akaitikia tu. Nilikuwa uani nafua nguo za mtoto, nikasikia yote. Kama si uchovu ningetoka nikamwambia aje aichukue hiyo bahati akae nayo wiki moja, halafu tuongee vizuri.

Mpango wenyewe unaitwa uanagenzi. Wiki nane unafanya kazi kwenye karakana ya kampuni Iringa, wiki nne unakaa darasani chuoni Mbeya, unarudi tena Iringa, hivyo hivyo miaka minne, mwisho wake unaitwa mhandisi wa elektroniki. Kampuni inafunga na kutunza mitambo ya umeme wa jua vijijini: pampu za visima, friji za chanjo za zahanati, taa za mashule. Mchana unashika bisibisi, jioni unashika daftari. Wikiendi kuna kazi za chuo za kutuma, na mwalimu hataki kujua kama Ijumaa ulirudi kutoka porini saa ngapi.

Nilimaliza kidato cha sita, fizikia, kemia na hesabu, matokeo yakatoka mazuri, na mwezi huohuo nikajua nina mimba. Baba wa mtoto alienda Tunduma kutafuta maisha na mpaka leo anayatafuta. Nilipoitwa kwenye usaili binti yangu alikuwa na miezi mitatu. Hawakuniuliza kama nina mtoto na mimi sikusema. Maziwa yalikuwa yananivuja ndani ya blauzi, nikakumbatia faili la vyeti kifuani tangu naingia mpaka natoka. Baadaye mmoja wa waliokuwa wakituhoji aliniambia walipenda nilivyotulia.

Kwa hiyo mtoto akabaki Uyole kwa bibi yake, mimi nikapanga chumba Kihesa. Mara mojamoja nilipanda basi Jumamosi asubuhi, nikafika mchana nimechoka, nikashinda naye siku hiyo, na Jumapili nikageuza. Alipoanza kutembea niliona kwenye video ya simu. Alipoota jino la kwanza mama alinipigia nikiwa juu ya paa la zahanati nimeshika paneli, nikamwambia nitapiga baadaye, nikasahau.

Lakini kulikuwa na njia ya kutoka, na ndiyo nataka kuieleza hapa. Kila mwanagenzi ana kitabu cha mafunzo. Kila ujuzi una ukurasa wake: kulehemu, kusoma michoro, kupima betri, na kuendelea. Ukifanya kazi hiyo mbele ya msimamizi wako na akaridhika, anasaini. Ukurasa mgumu ni wa kutafuta hitilafu. Lazima uende kwenye mtambo uliokufa kwelikweli, huko uliko, uitafute hitilafu mwenyewe bila kuambiwa, uitengeneze, na msimamizi akuone kwa macho yake. Aliyesainiwa ukurasa huo kabla ya mwaka wa pili kuisha anaweza kuombewa kuhamia tawi dogo la Mbeya. Nafasi ilikuwa moja. Ningeipata, ningelala nyumba moja na mwanangu kila siku, chuo kiko palepale mjini, kazi palepale. Sikuwa nataka kingine. Sahihi moja ya mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa msimamizi wangu, mzee wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Iringa, fundi hasa. Anaweza kunusa bodi ya saketi iliyoungua akakwambia kimeungua nini. Mwanzoni tulielewana. Siku moja aliona picha ya mtoto kwenye simu yangu, akauliza ni wa dada yako huyu? Nikasema ni wangu. Tangu siku hiyo jina langu likawa mama mtoto, na kazi zangu zikawa za ndani ya karakana. Nilipanga skrubu. Niliandika lebo. Nililehemu viunganishi mpaka macho yakaniwasha. Nilifagia. Gari la kwenda vijijini likitoka, mimi nilikuwa nafungua geti. Mwanagenzi mwenzangu, kijana aliyeanza miezi sita baada yangu, alishasainiwa ule ukurasa, na hata hakuwa akiuhitaji haraka.

Nilivumilia muhula mzima. Halafu asubuhi moja, watu wote wamesimama na vikombe vya chai, nikamwamkia kwa adabu zote, nikamuuliza kama mimi nimeajiriwa kufagia.

“Kufagia nako ni kazi,” akasema.

Nikamwambia kazi hiyo haina ukurasa kwenye kitabu changu.

“Mama mtoto, huko porini si pa mzazi. Mtoto akiumwa wewe uko Idodi, utafanyaje?”

“Nitafanya unavyofanya wewe wa kwako wakiumwa.”

Ana watoto watano. Karakana nzima ilicheka, na yeye mwenyewe akacheka, akamwaga chai. Wiki iliyofuata nikaona jina langu kwenye ubao wa safari: pampu ya maji, kijiji kimoja mbele ya Idodi, yeye na mimi.

Asubuhi ya safari nilipewa kufuli. Ngoja nieleze hili kufuli, kwa sababu mambo yote yamelala hapo. Kabla hujaingiza mikono kwenye mtambo unazima swichi kuu, halafu unaifunga kwa kufuli lako mwenyewe, jekundu, lenye kadi yenye jina lako, picha yako na namba yako ya simu. Ufunguo unakaa mfukoni mwako wewe. Mkiwa watatu yanafungwa makufuli matatu. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kulifungua, hata meneja, hata mke wako. Maana kufuli likiwa pale linasema kuna mtu humu ndani kashika waya. Mwanagenzi akipewa kufuli la kwanza ananunulia karakana nzima maandazi, na wanampigia makofi kama bibi harusi. Walinipigia. Picha ya kadi nilipigwa ukutani kwa simu ya stoo, nikatoka nimenuna.

Ukishuka kutoka Iringa kwenda Idodi unalivua sweta njiani. Tulifika jua limeshakuwa kali. Kisima kiko pembeni ya kijiji, paneli zimepangwa ndani ya uzio ambao tembo waliwahi kuuangusha na wanakijiji wakausimamisha kwa miti. Tatizo la ile pampu lilikuwa linajulikana: asubuhi inawaka, ikifika saa nne inakata, ikipoa inawaka tena. Mafundi wawili walishapita. Mmoja alibadilisha nyaya, mwingine akabadilisha kipimo cha kina cha maji. Kila mmoja aliondoka asubuhi ikiwa inafanya kazi.

Msimamizi wangu akakaa kwenye kivuli cha tangi na karanga zake, akasema, “Haya, Injinia.” Hakusema kingine mpaka alasiri.

Niliamua kutogusa kitu. Nikafungua boksi la kuongozea pampu nikakaa mbele yake nasubiri ikate. Wanawake walikuwa wamepanga ndoo, wananiangalia nimekaa tu, mmoja akauliza kwa Kihehe, wakacheka. Nilijua wanaulizana kama huyu ndiye fundi. Saa nne na kitu ikakata. Nikachukua mpini wa plastiki wa bisibisi nikaanza kubonyeza bodi polepole, sehemu moja baada ya nyingine. Nilipobonyeza karibu na kile kifaa kikubwa kinachopata joto kuliko vyote, taa ikawaka, pampu ikanguruma. Nikaachia, ikakata. Nikabonyeza, ikawaka. Nilijizuia nisigeuke kumwangalia mzee.

Nikaenda nyuma ya paneli kwenye swichi kuu, nikazima, nikafunga kufuli langu. Nikapima kuhakikisha umeme umekufa. Nikatoa bodi. Chini yake, kwenye risasi ya kulehemea iliyoshika mguu wa kile kifaa, kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Baridi ya usiku unajibana, joto la mchana unaachana. Nikasafisha, nikalehemu upya, na kwa kuwa nilikuwa na wazimu wangu nikalehemu upya miguu yote ya vifaa vizito kwenye ile bodi. Ilinichukua muda, upepo ulikuwa unazima moto wa kifaa changu cha kulehemea. Mpaka bodi inarudi ndani ya boksi ilikuwa saa kumi na nusu, mawingu yamefunika jua, na pampu ile haiendi bila jua. Msimamizi akasimama, akainama, akaangalia kazi yangu kwa miwani yake muda mrefu.

“Sijaona kosa,” akasema. Tukakubaliana tulale Idodi, kesho yake tujaribu, tusubiri ipite saa nne, tufunge kazi.

Ndipo mama aliponipigia. Mtoto alishinda na homa, jioni ile amepatwa na degedege, wako hospitali, ameshachomwa sindano, hajafungua macho vizuri. Mama yangu halii. Siku hiyo sauti yake ilikuwa inakwama.

Sikumbuki nilivyomwambia msimamizi. Nakumbuka alisema, “Panda gari.” Vifaa vyangu alivikusanya mwenyewe, akafunga boksi, akarusha kila kitu nyuma. Kutoka Idodi mpaka Iringa hakuniuliza swali lolote, aliendesha kama mtu anayefukuzwa. Stendi alienda mwenyewe kuongea na watu wa basi linalotoka Dar kwenda Mbeya, akanipatia kiti mbele. Akanipa chupa ya maji. Kabla mlango haujafungwa akaniambia ukurasa wangu ameuona kwa macho, atasaini, niende nikamwangalie mtoto.

Hayo yote alinifanyia. Nayaandika kwanza kabla sijaandika mengine.

Ilikuwa malaria. Siku mbili wodini, siku ya tatu akaomba ndizi, tukaruhusiwa kurudi nyumbani. Wiki zangu za chuo zilikuwa zinaanza Jumatatu hiyohiyo, na Jumanne nilikuwa na mtihani wa hesabu za uhandisi, kwa hiyo sikurudi Iringa. Jumapili nilijaribu kusoma huku mtoto amenilalia. Hakutaka kushuka. Nilisoma kurasa nne.

Jumatatu saa tano nilikuwa natoka darasani, simu ikaita, namba siijui. Mama mmoja, sauti ya mtu mzima, akaniuliza kama mimi ndiye yule dada wa kwenye kadi.

“Kadi gani, mama? Shikamoo.”

“Marahaba. Hii hapa kwenye kufuli. Jekundu. Picha umenuna hivyo, nikajua huyu hatapokea.”

Nilisimama palepale njiani, wanafunzi wananipita huku na huku.

Alikuwa mtunza pampu wa kamati ya maji ya kile kijiji. Maji hayajatoka tangu Alhamisi. Ijumaa walidhani mafundi watarudi. Jumamosi na Jumapili walipiga namba ya kampuni iliyoandikwa kwenye tangi, haikupokelewa. Leo asubuhi imepokelewa, na wamemwambia kazi hiyo imeshafungwa, pampu imejaribiwa na inafanya kazi.

“Nikamwambia yule kijana, mimi nimesimama hapa na ndoo, haifanyi. Akasema kwenye kompyuta inafanya. Nikaona nizunguke huku nyuma nitafute mwenyewe, ndiyo nimekuta sura yako.”

Nikamwambia anipe dakika kumi. Nikafungua begi nililotoka nalo hospitali, ambalo sikuwa nimelipanga tangu siku ile. Chini kabisa, pamoja na chupa ya dawa ya mtoto na soksi moja, kulikuwa na ufunguo wangu kwenye uzi wake.

Nimefundishwa mara ngapi? Mtu wa mwisho kutoka ndiye anayezunguka kuangalia makufuli. Mtoto wa chekechea angekumbuka. Na yeye, fundi wa miaka yote hiyo, alifunga boksi la mbele bila kwenda nyuma ya paneli, na Ijumaa akaandika kwenye fomu kwamba imejaribiwa, inafanya kazi. Hakurudi Idodi. Aliiamini kazi yangu. Miaka miwili nzima nilitaka aniamini, akachagua siku hiyo.

Nikampigia. Nikamwambia mzee kufuli langu bado liko pale. Halafu akaanza kuongea taratibu, kama mtu anayehesabu skrubu. Nisimwambie mtu. Niuweke ufunguo kwenye bahasha, kesho alfajiri nimpe kondakta wa basi la kwanza, yeye ataupokea stendi Iringa mchana, atashuka Idodi mwenyewe na kufungua.

“Hakuna atakayejua. Na ukurasa wako nausaini leo hii, nampelekea meneja na barua ya kukuombea Mbeya.”

“Na maji?”

“Kesho nitakuwa nimefika.”

Ukifika jioni, nikamwambia, jua litakuwa limeisha. Pampu itawaka Jumatano asubuhi.

“Basi Jumatano. Wamekaa siku nne, watashindwa mbili?”

Nikakata simu nikakaa kwenye ngazi za darasa. Njia nyingine nilikuwa naijua, na yeye alikuwa anaijua, ndiyo maana hakuitaja. Mwenye kufuli akiwa mbali, ofisi ya usalama ya kampuni inaruhusiwa kuagiza likatwe. Wanampigia mwenyewe, anathibitisha kwamba hakuna mtu ndani ya mtambo, kufuli linakatwa, na fomu inaandikwa. Fomu hiyo haifichwi. Inaitisha kikao, na kikao kingeuliza ilikuwaje pampu ikajaribiwa ikiwa imefungwa. Idodi kuna mafundi wa kuchomelea, msumeno wa umeme hauwezi kukosekana. Maji yangeweza kutoka siku ileile. Kwenda mwenyewe na ufunguo ilikuwa haiwezekani, ningefika kesho yake, na mtihani ningeukosa.

Nilimpigia yule mama tena. Nilimuuliza wanachota wapi. Akasema mtoni, ni mbali, na wanaenda mchana tu jua likiwa kali, maana jioni na asubuhi tembo wapo. Ng'ombe wanaingia palepale wanapochota. Alieleza bila kulalamika, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Nikamuuliza, na hili naona aibu kuliandika, kama wanaweza kuvumilia mpaka Jumatano.

Nikasikia anaweka ndoo chini.

“Kuvumilia tutavumilia. Ila ufunguo unao wewe, mwanangu. Mimi unaniomba ruhusa ya nini?”

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwanza, kwa kutonipigia kelele. Angenitukana ningejua la kufanya. Nilimkasirikia msimamizi kwa miezi ya ufagio na kwa chupa ile ya maji. Nilimkasirikia mwanaume wa Tunduma, ambaye mtoto akiumwa hakuna anayemuuliza atafanyaje. Na nilikuwa nimechoka, uchovu ule unaofika mpaka kwenye meno. Mwanangu alikuwa nyumbani, dakika ishirini kutoka pale nilipokaa, na bahasha moja tu ingetosha nikae naye. Nilikaa pale mpaka kipindi kilichofuata kikaanza bila mimi.

Halafu nikapiga ofisi ya usalama.

Alipokea dada mmoja mwenye sauti kavu. Nikampa namba ya kufuli, jina la kijiji, siku niliyolifunga. Akaniuliza mara tatu kama nathibitisha hakuna mtu ndani. Nikamwambia sipo pale, akasema basi atafutwe aliyepo. Tukamuunganisha mtunza pampu. Aliuzunguka uzio mzima na simu sikioni, anahema, anatuambia anachokiona: boksi limefungwa, hakuna mtu, kuna mbuzi mmoja, mbuzi nimemtoa. Yule dada hakucheka. Akaniuliza ilikuwaje nikaondoka nimeacha kufuli. Nikamweleza. Akaniuliza nani alijaza fomu ya kwamba imejaribiwa. Hapo ningeweza kusema sijui.

Saa nane kasoro fundi wa kuchomelea alifika na msumeno wake. Mama yule aliacha simu wazi, nikasikia chuma kinavyolia, halafu watu wanaongea kwa pamoja, halafu kimya kirefu, halafu akasogeza simu karibu na bomba. Maji yanagonga chini ya pipa tupu kama mvua ya mawe. Nilikuwa nimeshamwambia nina mtihani kesho yake. Akasema, “Haya, kasome,” akakata.

Kesho yake, nikiwa kwenye mtihani, saa nne ilipita. Pampu haikukata. Haijakata mpaka leo. Nilipoambiwa nilifurahi dakika moja, halafu nikawa na hasira zaidi ya mwanzo, kwa sababu ukurasa ulikuwa wangu kihalali.

Kikao kilifanyika Iringa niliporudi. Watu watatu, meza, chai. Waliniuliza, nikajibu, waliandika. Mimi nilipewa onyo la kwenye faili. Msimamizi wangu alipewa barua kali na kuondolewa haki ya kusaini vitabu vya wanagenzi kwa mwaka mmoja. Nikawauliza, na ukurasa wangu? Wakaangaliana. Aliyeiona kazi yangu ni mmoja, na huyo haruhusiwi kusaini. Msimamizi mpya, mwanaume mpole, aliniambia hawezi kuweka sahihi kwa kitu ambacho hakukiona. Nilitaka kumchukia, nikashindwa, maana mtu kusaini asichokiona ndiko kulikotufikisha hapo. Nikaambiwa nirudie zamu ya Iringa mwaka mwingine. Nafasi ya Mbeya alipewa mwenzangu. Alikuja kuniomba radhi, nikamwambia aende zake salama, hakunikosea.

Yule mzee tulikutana stoo, wawili tu. Alikuwa anapanga vipuri, kazi niliyokuwa nafanya mimi.

“Nilikupeleka stendi,” akasema bila kugeuka. “Niliacha kila kitu kwa ajili ya mtoto wako.”

“Ulinipeleka. Na nilikushukuru.”

“Sasa?”

“Sasa wale akina mama wangekunywa shukrani?”

Akageuka akaniangalia. Nilidhani atatukana. Akasema tu ana miaka ishirini na mbili kwenye kazi hii na hajawahi kupewa barua. Nikasema najua. Nikachukua nilichofuata, nikatoka. Sikujisikia mshindi. Mpaka sasa tukipishana mlangoni namwamkia, anaitikia, basi.

Aliyeniumiza zaidi ni mama yangu. Nilikwenda Uyole kumweleza nikidhani ataniunga mkono. Alinisikiliza mpaka mwisho, anachambua mchele, akasema ningetuma tu ule ufunguo.

“Nani angejua, we mwana?”

Nikaanza kumweleza habari za mto, ng'ombe, tembo. Akasema anaelewa, hata yeye amechota mtoni ujana wake wote. Lakini magoti yanamuuma. Mtoto mzito sasa, anakimbia, usiku anaamka. Yeye alikuwa ameshajiambia ni miezi mitatu tu imebaki nihamie Mbeya. Katika hesabu zangu zote pale kwenye ngazi za chuo nilimhesabu mtoto, nikawahesabu wanawake wa kijiji kizima nisiowajua, nikajihesabu mwenyewe. Mama sikumhesabu.

Jumapili iliyofuata nilifunga nguo za binti yangu kwenye begi moja, zangu kwenye lingine, tukapanda basi la Iringa. Mama alisema ni wazimu, nitamweka wapi, nani atamwangalia. Alikuwa sahihi. Chumba changu Kihesa ni cha mtu mmoja na mwenye nyumba hapendi watoto. Nilimwambia mwenye nyumba mtoto anakuja na kama hataki aniambie niondoke. Akasema tutaona. Jirani wa nyumba ya nyuma anauza mboga kibarazani kwake na ana mjukuu wa umri huohuo, akakubali kukaa na wangu mpaka nitakapotoka kazini.

Jumatatu asubuhi kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Nilimvalisha masweta mawili, nikavaa ovaroli, nikampeleka. Alipomuona yule jirani alinishika ovaroli kwa mikono yote miwili, akaanza kumlilia bibi yake. Hakunililia mimi. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, na yeye ananiangalia usoni huku anaita, “Bibi, bibi,” kama ananiomba mimi ndiye nikamlete. Jirani akamchukua kwa nguvu kidogo, akaniambia niende tu, atazoea.

Nilisimama nje ya mlango, mgongo ukutani, begi la vitabu begani. Kilio hakikuisha. Kilipungua kidogo, kikawa cha kupumzika na kuanza tena. Geti la karakana linafungwa saa moja na nusu, na aliyechelewa anaandikwa. Nikashuka kilima nikitembea haraka.